Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Haya niliambiwa na wifi yangu Kalunde, wiki ile mafundi walipokuja kufunga sola kwenye zahanati yetu. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la wagonjwa, mimi na goti langu, yeye kanisindikiza tu, tunawaangalia wale mafundi juu ya bati. Kalunde akacheka peke yake. Nikamwambia, wifi, mtu akiteleza pale juu nawe unacheka watasema umemroga. Akasema, nimekumbuka Kweupe. Nikamwuliza Kweupe ndiyo wapi na alikwenda lini, maana namjua Kalunde tangu niolewe na sijasikia kafika mbali kuliko Nzega. Akasema, njia usiniulize, sikiliza habari. Basi nikasikiliza, mpaka nesi akaniita mara tatu. Shule mimi niliishia darasa la nne, lakini kusikia nasikia, na naandika kama alivyosema yeye mwenyewe.

Alianza hivi.

Kweupe ni nchi isiyo na mawingu. Wingu moja likipotea njia likapita kule, watu hutoka nje kulitazama kama wanatazama harusi. Jua linachomoza mapema, linashinda kutwa, linaondoka jioni na nguvu zake zote bado linazo. Mimi nilifika alfajiri, halijatoka bado, nikakuta kwenye lango la mashariki watu kama mia wamejipanga, suti nyeusi, viatu vinang'aa, zulia limetandikwa kuelekea mlimani. Nikajua anakuja mkubwa. Pembeni alisimama mama mmoja na ungo wake kiunoni. Nikamwuliza, "Dada, anapokelewa nani?"

"Mgeni," akasema.

"Mgeni gani?"

Akanionyesha kwa mdomo. Jua lilikuwa linachungulia nyuma ya mlima.

Pale pale bwana mmoja mnene, mwenye mkufu wa shaba shingoni, akasogea mpaka katikati ya zulia, akavua kofia. Huyo ndiye Bwana Masebo, Mkuu wa Idara ya Ugeni. Akasema kwa upole kabisa, "Karibu sana, mgeni wetu. Je, umewahi kufika Kweupe siku za nyuma?" Akangoja. Akauliza tena. Akauliza mara ya tatu. Jua halikujibu kitu, lilizidi kupanda tu. Akamgeukia karani akasema, "Andika: hajawahi." Karani akaandika kwenye daftari kubwa, wale mia wakapiga makofi, shughuli ikaisha.

"Kwani jana hakuulizwa?" nikamnong'oneza yule mama.

"Jana aliulizwa mwingine," akasema. "Yule aliondoka jioni. Walimpungia leso, nilikuwepo."

Yule mama jina lake Sihaba, mjane. Alipoona sina pa kufikia akanichukua kwake, na njiani akanieleza sheria, kwa sababu mgeni asiyeijua anaweza kupata matatizo siku ya kwanza tu. Mababu wa Kweupe walisema mgeni siku ya kwanza na ya pili ni wa kula na kupumzika. Siku ya tatu ndipo apewe jembe. Nikasema hata kwetu tunasema hivyo. Akasema, "Enhe. Sasa sisi tumeliandika. Kumtuma kazi mgeni ambaye hajafikisha siku ya tatu ni kosa. Na jua linafika asubuhi, jioni limeondoka. Hajawahi kutokea hata mmoja akafikisha siku ya tatu."

"Kwa hiyo jua halifanyi kazi yoyote?"

"Lifanyeje kazi, dada, na ndiyo kwanza limefika?"

Nikatazama huku na huku. Kila ua lilikuwa na kamba, na kila kamba ina nguo. Juu ya mapaa kuna mihogo, kuna kahawa, kuna samaki. Nikataka kuuliza, lakini kabla sijafungua mdomo akapita askari wa Idara ya Ugeni, akasimama mbele ya ua mmoja. Akamwuliza mwenye nyumba, "Mama, hizi shuka vipi?"

"Nimezisahau nje, afande."

"Na hiyo mihogo?"

"Nayo nimeisahau."

"Haya. Jitahidi kukumbuka," akasema askari, akaenda zake.

Ndiyo desturi ya kule. Kukausha kitu juani kwa makusudi ni kumtuma mgeni, na adhabu yake ni kupigiliwa mbao madirisha yote mwaka mzima, ukae gizani. Lakini kusahau si kosa. Basi nchi nzima inasahau. Wanasahau Jumatano zaidi kuliko siku nyingine, kwa sababu Jumatano ndiyo siku ya kufua.

Usiku wao wanawasha taa za mafuta. Mafuta hayo yanatoka Ng'ambo, nchi ya nyuma ya vilima, nako ndiko inakokwenda karanga yao karibu yote, gunia kwa gunia, ili wapate mwanga. Na Ng'ambo wenyewe hawatumii mafuta. Ng'ambo wana mawingu mengi na jua lao ni la kubahatisha, lakini wametandaza vioo vyeusi kila paa, na hilo jua lao la kubahatisha linawasagia nafaka, linawavutia maji, linawawashia taa. Hayo Sihaba aliyasema bila wivu, kama mtu anayesema kule kwao wanakula konokono.

Tulipofika mjini nikaona uwanja mkubwa hauna hata mti, na vijana wamesimama humo msururu mpaka macho yanachoka. Kila mmoja ameweka karatasi juu ya kichwa kujikinga. Huo ndio Uwanja wa Kungoja Kazi, na zile karatasi ni vyeti. Wanasimama tangu asubuhi mpaka jioni, jua linawapiga, jasho linawatiririka, wanangoja kazi itokee. Kazi zilizopo Kweupe ni za Idara ya Ugeni tu, kupokea asubuhi na kuaga jioni, na hizo zimejaa tangu zamani.

Sihaba akaenda mpaka kati ya msururu, akamtoa dada mmoja mrefu, mabega mapana, akampa maji. "Huyu Tunu, mwanangu. Nimebaki naye huyu tu."

"Shikamoo mama," Tunu akaniamkia.

"Marahaba. Cheti cha nini hicho?"

"Ufundi umeme."

"Kumbe mna umeme?"

"Tuna chuo cha umeme," akasema. "Umeme wenyewe uko kwenye daftari."

Akacheka, lakini mama yake hakucheka. Tulipofika nyumbani ndipo nikajua kwa nini. Kule kuna sheria inaitwa ya Kupunguza Msururu. Ukisimama uwanjani miaka saba hujapata kazi, lori linakuja kukuchukua, unapelekwa Ng'ambo. Kwa njia hiyo msururu unapungua, na kila mwaka Baraza linatangaza kwamba tatizo la kazi linaelekea kwisha. Tunu alikuwa amefikisha miaka saba. Lori lake lilikuwa la siku ya nne, ukihesabu na siku ile.

"Huko Ng'ambo wanakwenda kufanya nini?" nikauliza.

"Wanafuta vioo," akasema Tunu. "Na wanavifunga, na kuunga nyaya. Wenzangu wananiandikia barua. Wanasema jua la kule dogo, lakini linatumwa kama punda."

"Na wanarudi?"

Tunu akamtazama mama yake, kisha akasema atakwenda kuchota maji, na mtungi ulikuwa umejaa.

"Warudi kufanya nini?" akasema Sihaba, mtoto alipotoka. "Wakirudi wataingia tena kwenye msururu. Wapo watatu wa jirani yangu hapa, huu mwaka wa tisa. Mama yao alikufa, wakatuma salamu."

Tulikula juu ya meza nzuri nyeusi, ya kioo, imefunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Nikakiinua kidogo nikaona mistari midogo midogo ya fedha ndani ya kile kioo. Sihaba akasema ni zawadi. Ng'ambo waliwahi kuleta vioo vyeusi vya bure, mzigo kwa mzigo, na masanduku ya nyaya na taa. Baraza lilipokea kwa hotuba, kwa sababu zawadi haikataliwi. Kila nyumba ikapewa kioo kimoja, vingine vikafungiwa ghalani na masanduku yake, na mara moja kwa mwaka ghala linafunguliwa vinafutwa vumbi. "Ni meza imara," akasema. "Hailiwi na mchwa."

Sihaba aliishi kwa kuuza michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa. Asubuhi ya pili nilimsaidia kukata. Akavitandaza kwenye ungo, akaupandisha juu ya banda, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Hebu niuweke hapa huu ungo, nisije nikausahau." Juu ya banda kulikuwa na nyungo mbili nyingine.

"Vinakauka siku ngapi?" nikauliza, mazungumzo tu.

"Tatu. Leo vinalia maji, kesho vinanywea, kesho kutwa unavunja kwa meno."

"Kwa hiyo wageni watatu."

"Enhe, watatu."

"Basi wamefundishana vizuri. Sisi kwetu mke mwenzio akiacha ugali jikoni, ukimalizia wewe lazima uwe na mabonge."

Mimi nilikuwa natania. Lakini Sihaba alishuka kwenye ngazi polepole, akakaa chini na kisu mkononi, hakukata tena kiazi mpaka jua likafika kichwani. Nikamwuliza anaumwa? Akasema, "Dada Kalunde, wewe subiri kesho. Kesho ni siku yangu ya neno la kuaga."

Neno la kuaga ni haki ya kila mama ambaye mtoto wake anapelekwa Ng'ambo. Anapewa nafasi ya kusema mbele ya Baraza. Kwa desturi anasema asante kwa safari, wajumbe wanasema haya mama, anatoka analia nje.

Tukaenda watatu, kila mtu na ungo wake kichwani, umefunikwa kanga. Ukumbi wa Baraza ulikuwa giza mchana kweupe. Madirisha yote mapazia mazito, taa za mafuta zinatoa moshi, wajumbe wanakanyagana miguu wakitafuta viti. Nikauliza sababu, nikaambiwa si adabu kumjadili mgeni anasikia.

Hoja ya kwanza siku ile ilikuwa kama kukaa kivulini ni kumkimbia mgeni. Wakabishana mpaka nikasinzia. Ikaamuliwa mtu anaweza kukaa kivulini, mradi uso ameuelekeza kwa mgeni. Hoja ya pili, taarifa ya msururu: umepungua kwa vijana arobaini. Wakapiga makofi. Halafu Bwana Masebo, maana ndiye mwenyekiti wa Baraza pia, akaita, "Mama Tunu, neno la kuaga."

Sihaba akasimama. "Waheshimiwa, shikamooni. Sitasema maneno mengi. Naomba mshike hiki." Akapitisha kipande cha kiazi cha asubuhi ile. Wakakishika gizani.

"Kibichi," akasema Bwana Masebo.

"Na hiki cha tangu jana."

"Kimenywea."

"Na hiki cha tangu juzi."

Bwana Masebo akakitia mdomoni. Kikalia kwenye meno mpaka nyuma ukumbini tukasikia. "Kimekauka hiki," akasema anatafuna. "Kina utamu."

"Sasa nauliza, baba. Kama wa juzi alikuwa mgeni mwingine, na wa jana mwingine, wa jana alijuaje mwenzake aliishia wapi? Fundi mgeni ukimpa nyumba iliyofika kwenye madirisha, lazima aizunguke, aulize, alaumu waliotangulia. Huyu hakuuliza mtu. Aliingia tu akaendelea pale pale. Mimi naona ni yule yule."

Kisha mjumbe mmoja mwembamba, Bwana Mkama, akainuka. "Mheshimiwa, kabla ya hoja kuna jambo dogo. Hivi viazi vilifikaje juani? Mama huyu aliviweka, au alivisahau?"

Tukaelewa sote. Akisema alivisahau, ushahidi wake ni wa bahati tu, hauna maana. Akisema aliviweka, madirisha yake yanapigiliwa mbao, mwaka mzima gizani, na mtoto anaondoka vilevile. Tunu akamvuta kanga. "Mama. Sema umesahau."

"Niliviweka," akasema Sihaba.

"Unasemaje?"

"Niliviweka, baba. Kwa mikono yangu hii. Vya juzi niliviweka, vya jana niliviweka. Mwaka jana pia. Nguo sijawahi kusahau hata siku moja tangu niolewe. Ningekuwa nasahau hivyo, ningeshasahau na njia ya nyumbani."

Halafu huko pembeni gizani sauti ya mtu mzima ikasema polepole, "Hata mimi ile kahawa yangu sikuisahau."

"Na samaki wangu," akasema mwingine.

"Kaa chini," akasema Bwana Mkama.

"Wewe Mkama, hiyo suruali uliyovaa nani aliikausha?"

"Mke wangu aliisahau."

"Kila Jumatano?"

Basi wakacheka, Baraza zima, walicheka mpaka taa moja ikaanguka ikazimika. Bwana Masebo peke yake hakucheka. Alikuwa ameshika kile kipande cha kiazi kilichobaki, uso umemshuka. Akasema, "Ngojeni. Ngojeni kwanza. Kama ni yule yule, ina maana mimi miaka kumi na tisa kila asubuhi namwuliza mtu yule yule kama amewahi kufika kwangu?"

Akakigeuza kile kipande mkononi.

"Na yeye ananyamaza. Anaona aibu kuniambia." Akakaa. "Jamani. Atakuwa anatuonaje?"

Nakuambia wifi, sheria haikuwasumbua sana wale watu, lakini aibu ya ugeni iliwaingia mpaka kwenye mifupa. Mmoja akauliza, je, tukimpa jembe akachoka asirudi? Mwingine akauliza, je, akikasirika? Sihaba akasema, "Baba zangu, huyu kaja tangu mababu zetu hamjampa hata kigoda, na hajakasirika. Ndiyo akasirikie jembe?" Wakapitisha: mgeni amepita siku ya tatu zamani sana, na apewe jembe kesho asubuhi. Habari ya Tunu wakasema lori ni sheria nyingine. Kama atakuwa na kazi lori litakapofika, atabaki. Kama hana, atapanda.

Kesho yake ndiyo siku ya lori. Lango la mashariki lilijaa watu wa mji mzima. Jua likachomoza. Bwana Masebo akasogea kwenye zulia, safari hii hakuuliza kitu. Akaomba radhi, maneno mazuri kabisa, halafu akaletewa jembe jipya, mpini umepakwa mafuta. Akalinyanyua juu kwa mikono miwili kulielekeza kwa jua.

Akangoja. Jua likapanda. Mikono yake ikaanza kutetemeka. Wasaidizi wawili wakaja kumshika viwiko. Mwisho akalishusha, jasho linamtoka, akasema kwa huzuni, "Mgeni amekataa jembe." Karani akachovya kalamu aandike.

Na huko barabarani vumbi la lori lilikuwa limeshaonekana.

"Mheshimiwa," akasema Tunu. Alikuwa amesimama mbele, kifurushi chake kidogo miguuni. "Usiandike bado. Mgeni ana mikono mirefu lakini haina vidole. Jembe hilo hawezi kulishika. Tumpe analoweza."

"Lipi?"

"Naomba kwenda nyumbani kuchukua meza."

Watu wakacheka, lakini Bwana Masebo alikuwa mtu mwenye aibu kubwa asubuhi ile, asingekataa chochote. Akatoa na ufunguo wa ghala. Tunu alikimbia. Mimi na Sihaba tukashika meza huku na huku, kitambaa kikaanguka njiani sikukiokota. Tunu akatoka ghalani na waya na kitaa kimoja, bado kiko ndani ya karatasi yake. Na wapi utaona taa kama inawaka, mchana wa Kweupe? Ni pahali pamoja tu. Tukaenda ukumbi wa Baraza, wajumbe nyuma yetu. Tunu akapanda juu ya paa akakilaza kioo, akateremsha waya kwenye tundu la moshi, akapiga kelele, "Mama, unga waya mwekundu na mwekundu mwenzake." Sihaba alikuwa amesimama katikati ya wajumbe gizani. Akaunga.

Kikawaka. Kitaa kidogo kama limau, lakini tukaonana nyuso zote. Bwana Mkama, kumbe naye alionja, alikuwa na chembe ya michembe kwenye ndevu tangu jana yake. Hakuna aliyepiga makofi. Walikaa wanatazamana tu, maana wengine walikuwa kwenye Baraza moja miaka mingi hawajawahi kuonana sura vizuri.

Nje honi ikalia. Dereva wa lori akaingia na orodha, akasoma, "Tunu binti Sihaba."

Bwana Masebo akamwuliza Sihaba, "Yuko wapi?"

"Juu ya paa, baba."

"Anafanya nini?"

Sihaba akatazama juu. Tulisikia nyundo. "Anafanya kazi," akasema.

Bwana Masebo akachukua orodha ya dereva, akaandika mwenyewe kwa mkono wake: *Ana kazi.* Kisha akapandisha macho kwenye kitaa akasema kwa kishindo, "Kisima. Kisima kina mashine ya kuvuta maji kule ghalani, tuliipokea kwa hotuba. Binti, unaweza kisima?"

"Peke yangu siwezi," Tunu akajibu kutoka juu. "Nataka mtu wa kuchomelea vyuma vya kushikilia vioo. Nataka seremala. Nataka wawili wasioogopa paa, na mtu wa kuchimba mtaro wa waya."

Basi Bwana Masebo akaenda mwenyewe, na mkufu wake, mpaka Uwanja wa Kungoja Kazi. Akauliza nani anajua kuchomelea. Wale vijana walidhani ni mtihani, hakuna aliyejibu. Akauliza tena. Mmoja akateremsha cheti kichwani akakisoma, kama vile amesahau kiliandikwa nini, akasema, "Mimi." Msururu ukakatika pale, na ulipokatika haukuungana tena. Hata dereva wa lori, alipoona hana wa kupakia, akashuka akauliza kama kuna kitu cha kubeba.

Nilikaa Kweupe miezi miwili zaidi, na nasema niliyoyaona. Kisima kilitoa maji siku ya tatu. Mashine ya kwanza ya kusaga iliungua kwa sababu mtu aliunga nyaya kinyume na akakataa kukiri, ndipo chuo cha umeme kikapata wanafunzi wa kweli. Wenye ng'ombe walipata mtambo wa kupozea maziwa, yakaacha kumwagwa. Kinyozi akafungua, fundi cherehani akafungua, na mzee mmoja akafungua duka la kuuza misumari na skrubu tu, akawa na foleni ndefu kuliko ya uwanjani. Karanga zikabaki nchini, wakaanza kukamua mafuta yake wenyewe. Wale mia wa Idara ya Ugeni walihofia watafukuzwa, wakapewa kufuta vioo kila asubuhi. Bado wanavaa suti, na wanasema hiyo ndiyo kupokea mgeni hasa, kumfutia kiti. Wa Ng'ambo walinuna kidogo, kisha wakaja kununua maziwa. Na waliokwenda kule wakaanza kurudi mmoja mmoja, wamebeba bisibisi. Bwana Mkama bado anadai iandikwe kwamba jua lilikubali kwa maandishi.

Lakini mimi nikikumbuka Kweupe sikumbuki sana mashine. Nakumbuka jioni ya siku ile ya lori. Tunu alirudi jua likizama, mikono imechanika, goti limechubuka, akala ugali wa mama yake akaomba tena, chini, kwa kuwa meza ilikuwa juu ya paa la Baraza. Tukalala watatu chumba kimoja. Nimegeukia ukutani nikamsikia Sihaba.

"Tunu."

"Abee."

"Kesho unapanda paa la nani?"

"La kisimani. Halafu la Mama Mwajabu."

"Halafu?"

"Halafu narudi."

"Saa ngapi?"

"Sijui, mama. Njaa ikiniuma."

"Nikuwekee mboga gani?"

Tunu hakujibu, alikuwa ameshalala. Sihaba akangoja, akasema peke yake, "Nitaweka mlenda." Nikamsikia anageuka, anavuta shuka, na muda si muda akaanza kukoroma, mkoromo mzito wa mtu ambaye hajalala miaka saba. Nikacheka kimoyomoyo, nikausikiliza, mpaka na mimi usingizi ukanichukua.